Vitambaa vya Viota

Nikiosha mundu jioni hii, harufu ya mpunga mbichi inanirudisha utotoni, kwenye shamba letu la Bwegera. Mama na majirani walikuwa wamepumzika kwenye tuta, wakielezana kuhusu ndege waliowaona.

"Miye nimeona korongo weupe, wamerudi."

"Kwangu iko kiota, mayai matatu."

Kila aliyeona kiota alifunga kitambaa kwenye mpunga ule, wakataji wasiuguse. Mama alikuwa amechoka mno. Basi wakiwa bado wanaongea, nikachana kitenge kilichochakaa, nikafunga vitambaa shamba letu lote, ili asikate tena.

Alipoviona hakunigombeza. Alivifungua kimoja kimoja, akabakisha cha mwisho.

"Hapa kweli iko kiota," akasema, akajilaza palepale, apumzike.