Nimeitengeneza séchoir, sasa ninaogopa kimya chake

Wapendwa wa ukurasa huu, nifichieni jina na mtaa. Bukavu tunajuana mno. Mume wangu hasomi magazeti ya akina mama, lakini dada zake wanayasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, tunakaa Ibanda, tuna watoto wawili, na ninafundisha fizikia darasa la sita la sekondari. Kazi yangu ni kuwaambia watoto wa watu wasiogope mtihani. Leo mimi mwenyewe ninaogopa.

Nyumbani tuna mashine ya kukausha nguo, séchoir, tuliyoachiwa na mwalimu mwenzetu Mbelgiji alipofunga mizigo kurudi kwao. Kwa mvua za mji huu ilikuwa baraka. Halafu ikaanza kunguruma, gudu-gudu-gudu, vikombe vikacheza kabatini. Nilimwambia Papa Furaha, ndiye mume wangu, tuitengeneze. Akakataa. Kila nikirudia, alikuwa na sababu mpya, na cha ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiiwasha kuliko mtu yeyote. Yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, ni infirmier, muuguzi hospitalini. Akija kwetu, mume wangu anavua koti lake la abacost, anatupia ndani ya mashine taulo ambazo zilishakauka tangu asubuhi, na wanajifungia wawili katika chumba cha kufulia. Nilidhani wanasemezana juu ya shamba la marehemu baba yao. Nilikuwa nikiwacheka moyoni, wanaume wazima kukaa kwenye joto lile kana kwamba wanasubiri mkate uive.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari kule Kasha, na nimekulia kwenye mafuta na vyuma. Mashine inayolia ndani ya nyumba yangu ilikuwa inanitia aibu. Basi Jumamosi iliyopita, mume wangu alipokwenda kwenye salongo, kazi ya usafi, pamoja na watu wa mtaa, nilichomoa waya wa umeme na kulizungusha pipa kwa mkono. Liligonga hata likiwa tupu. Kwa hiyo haikuwa kifungo wala sarafu iliyonasa, ni kitu kinacholibeba pipa lenyewe. Nikafungua mgongo wa mashine, nikalegeza mkanda, nikatoa pipa. Chini yake kuna vigurudumu vya mpira, na kimoja kilikuwa kimelika upande mmoja kama sabuni. Nilikipeleka kwa fundi anayeshona viatu vya mipira ya gari, akanikatia kingine cha unene ule ule. Nikafunga kila kitu, nikawasha. Mashine ikazunguka taratibu, unasikia upepo tu. Nilifurahi sana, nikasema moyoni Papa Furaha atashangaa. Kile kigurudumu cha zamani nikakitia mfukoni mwa aproni.

Kabla sijaendelea, mjue jambo moja. Kabla ya hapo nilikuwa nimeota uvimbe kwenye ziwa langu. Daktari alikata kipande kidogo kukipima, na mume wangu ndiye aliyekwenda kuchukua majibu. Aliniambia ni mafuta tu, nikapewa vidonge, nikashukuru Mungu na kusahau.

Mchana ule alirudi na yaya yake. Wakaingia chumba cha kufulia, wakawasha mashine. Mimi nilikuwa napiga pasi kwenye koridoo, nyuma ya ukuta wa mbao. Walikuwa wamezoea kupaza sauti juu ya zile kelele, na kwa mazoea wakaanza na sauti ile ile. Nikasikia kila neno.

Yaya alisema, "Docteur anasema bamukate ile uvimbe mbio. Ile kitu haingojee mutu."

Mume wangu akajibu, "Nitamwambia namna gani, yaya? Woga itamuua mbele ugonjwa imuue. Acha kwanza banafunzi yake bamalize examen d'État."

Yaya akamuuliza atanificha hadi lini. Nilisikia mume wangu analia, mtu ambaye sikumwona akilia hata siku ya kumzika mama yake. Halafu mmoja wao akasema, polepole sasa, "Mashine iko kimya." Pasi ilikuwa imeshaunguza shati la mtoto.

Mume wangu alipotoka aliniuliza nani kagusa mashine. Nikasema labda imepona yenyewe. Akaenda kunawa uso.

Jumatatu, yeye akiwa kazini, niliifungua tena na kurudisha kile kigurudumu kibovu. Msidhani nilimhurumia. Nilikirudisha kwa sababu sitaki kusikia zaidi. Mashine ikinguruma, mimi bado ni mzima, ziwa langu lina mafuta tu, na Furaha na mdogo wake wana mama. Ninaogopa kisu. Ninaogopa kulala nisiamke. Ninaogopa zaidi uso wake siku nitakayomwambia kwamba ninajua.

Lakini mimi ni mwalimu, ninajua kuhesabu. Huo mtihani wa serikali bado uko mbali, na usiku nikijigusa, ule uvimbe si ule wa mwanzo.

Siku hizi anaiwasha hata yaya yake asipokuja. Anaingia peke yake na taulo zake kavu. Ninavyoandika hivi yumo ndani, vikombe vinacheza kabatini, na mimi nimekaa koridoo na turnevis, bisibisi ya baba yangu, kwenye mapaja.

Dada zangu, kaka zangu, mnipe neno. Niifungue tena mashine hii, au niiache ilie?