Tochi Iliyowaka Mkononi Mwangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo wa stoo, kitambaa cha kufutia vumbi na tochi mbili. Moja ilikuwa ya bati, nzito, yenye kumeza betri tatu kubwa. Ya pili ilikuwa ya alumini, fupi kuliko kiganja changu, nikadhani ni lipstiki iliyosahauliwa mezani. Mkuu wa Stoo, sajini mstaafu wa polisi, alifunga dirisha na mlango tukabaki gizani, ingawa nje ilikuwa asubuhi na mafundi wa Katwe, hapa Kampala, walishaanza kugonga mabati yao.

"Washa zote mbili," akasema. "Halafu niambie, askari nachukua gani?"

Niliwasha. Ile kubwa ilitoa mwanga wa njano uliochoka, ile ndogo ikapiga ukuta kwa mwanga mweupe mpaka nikafumba macho. Nikamwambia, "Hii ndogo, Afande. Inawaka sana."

"Wewe najibu kama mtu ya sokoni. Hapa wewe iko mtu ya stoo. Kwanza uliza: askari nataka kuona nini? Iko mbali gani? Nawasha kwa muda gani? Hata moja hujauliza."

Niliumia, maana nilijiona mjanja. Mimi ni Zaituni, binti wa koplo kutoka Arua, nimezaliwa katika nyumba za polisi, na Kiswahili nilikipata kambini kabla sijakinyoosha kwa vitabu. Nilizoea kuona sare, filimbi na rungu tangu utotoni, na sikudhani kwamba kuna mtu angenifundisha kitu kuhusu tochi. Kampuni yetu ilikuwa ya ulinzi, ya watu binafsi, na kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu ilikuwa kuchagua, kupima, kutengeneza na kugawa vifaa vya walinzi. Nitawaeleza habari za tochi tu, kwa sababu ndizo nilizozijua kuliko watu wengi wa mji huu, na sioni aibu kusema hivyo.

Tochi za zamani zilikuwa na balbu yenye uzi unaowaka. Ukiiangusha, uzi unakatika, kazi imekwisha. Hizi za LED hazina uzi. Zina kipande kidogo cha njano, mfano wa punje ya mahindi iliyobanwa, na ukiiangusha inaendelea kuwaka. Mwanga wake hupimwa kwa lumeni, yaani jumla ya mwanga wote unaotoka mbele. Hapo ndipo wauzaji wanapowachezea watu. Boksi litaandikwa namba ndefu kama ya simu, nawe ukifika nyumbani unaona miguu yako tu. Mimi nilikuwa nabandika plasta juu ya namba hizo kabla ya kuanza kupima, ili macho yangu yasidanganywe na karatasi.

Jambo la kutazama ni umbo la mwanga. Kuna mwanga wa kutupa, mwembamba, unaokwenda mbali, na hutokana na kioo cha mbele chenye kina kirefu. Kuna mwanga wa kumwaga, mpana, unaoenea chumba kizima lakini haufiki mbali. Tochi moja ndogo haiwezi kuvifanya vyote viwili vizuri, hata muuzaji akiapa. Tena, tochi ndogo ikiwashwa kwa nguvu zote hupata joto, na baada ya dakika chache hujipunguza yenyewe isiungue. Kwa hiyo nilipima mwanzo, nikanywa chai, nikapima tena. Wengi walinicheka kwa chai hiyo.

Kituo changu cha pili kilikuwa Wandegeya, ambako tulilinda hosteli za wanafunzi. Meneja wa Kanda alikuwa mama mmoja mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Kabla sijafika, walinzi walikuwa wamepewa tochi za kikazi, zile ambazo watu huziita za kijeshi: swichi iko kitakoni, ukibonyeza mara moja inatoka nguvu yote, na ukibonyeza mara mbili mwanga unapepesa haraka haraka ili kumvuruga adui. Adui wenyewe walikuwa wasichana wa mwaka wa kwanza wanaopanda ngazi umeme ukiwa umekatika, wakiulizwa vitambulisho. Mmoja alipepeswa machoni akaangusha sufuria ya maharage kutoka ghorofa ya pili.

"Zaituni, banange, jamani, hawa wanafunzi nakuja ofisini kwangu na machozi!" Meneja alinipokea hivyo. "Nataka tochi yenye adabu."

Nikamtafutia. Kwa matumizi ya kila siku unataka tochi inayoanza na mwanga mdogo, siyo mkubwa. Swichi iwe ubavuni ili kidole gumba kiifikie bila kutafuta. Mwanga uwe wa kumwaga, ili usome kitambulisho bila kumchoma macho mwenyewe. Iwe na sumaku kitakoni, uibandike kwenye mlango wa chuma ukiwa unatafuta funguo, na ichajiwe kwa waya ule ule wa simu, maana waya wa peke yake hupotea wiki ya kwanza. Malalamiko yalikwisha. Meneja hakunishukuru, ila aliacha kunipigia kelele, na kwa aliyemjua hiyo ilikuwa shukrani tosha.

Kituo cha tatu na cha mwisho kilikuwa Port Bell, kwenye maghala karibu na gati. Huko tochi yenye adabu ilishindwa. Ghala refu lisilo na madirisha lina giza hata jua likiwa utosini, na mlinzi anatakiwa kuona lakiri ya mzigo ulio mwisho kabisa. Huko nikairudia tochi ya kikazi kwa moyo mmoja: mwanga wa kutupa, swichi ya kitakoni unayoipata hata ukivaa glavu, nguvu moja tu bila michezo ya kupepesa, na mwili unaovumilia sakafu ya saruji. Niliidondosha kila aina kutoka mezani, nikaizamisha kwenye ndoo, nikaiwasha kwa mikono yenye sabuni. Iliyonusurika ndiyo niliyoipeleka kwa Mkuu wa Operesheni, kapteni mstaafu wa jeshi, na hakuwahi kulikataa chaguo langu hata siku moja.

Tochi hiyo ilikuwa na kasoro moja. Swichi ya kitakoni hujibonyeza yenyewe ndani ya mfuko. Mlinzi mmoja alitobolewa koti na joto lake. Dawa yake ni kulegeza kifuniko cha kitako robo mzunguko. Nyuzi za kifuniko, ile mikato ya kuzungushia, zimepakwa rangi isiyopitisha umeme, hivyo kikilegea kidogo tu, hata ubonyeze mpaka kesho, haiwaki. Sisi wa stoo tuliita kuilaza tochi. Kukaza tena tuliita kuiamsha. Nililaza na kuamsha tochi maelfu kwa maelfu, na vidole vyangu vilifanya hivyo huku nikizungumza habari nyingine.

Kulikuwa na mlinzi anayeitwa Okot, mtu wa Kitgum, mkimya, aliyekaa lango la ghala la pili miaka sita bila barua hata moja ya onyo. Tochi yake, ya aina ya zamani, iliharibika swichi. Nikamtumia nyingine kwenye boksi, kwa mkono wa dereva, ikiwa imelala. Hakuwahi kutumia aina ile. Nilipaswa kuweka kikaratasi cha kumweleza. Sikuweka. Nilikuwa na haraka, na nilidhani kila mtu anajua ninachojua mimi.

Saa tano asubuhi Okot aliingia ghalani kukagua lakiri. Alibonyeza, kimya. Akasogea huku akibonyeza tena, akakanyaga ukingo wa shimo la kupakulia, akaanguka. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Baada ya siku nne aliletwa ofisini kwa magongo, na plasta mpaka gotini. Mkuu wa Operesheni alikuwa amekaa, barua iko tayari mbele yake. Kanuni ya kampuni ilikuwa wazi: mlinzi anayeingia kazini na tochi isiyo na chaji anaachishwa, na akijiumiza ni juu yake. Na barua ikisema kwamba amedanganya, hakuna kampuni nyingine ya ulinzi Kampala itakayomchukua.

"Afande, mimi nabonyeza mara tatu," Okot alisema. "Taa hapana toka. Chaji iko, nilichaji mimi mwenyewe."

Tochi ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, kama walivyoiokota. Mkuu alinisukumia. "Mama Stoo, wewe ndiye mtaalamu. Pima."

Niliitoa mfukoni, nikabonyeza. Iliwaka, nyeupe, ikajaza ukuta mzima.

"Hii kitu iko sawa kabisa," Mkuu akasema. "Huyu jamaa nasema uongo."

Okot aliutazama ule mwanga ukutani. Mimi nikaandika kwa mkono wangu kwamba kifaa ni kizima na betri ina chaji ya kutosha, nikatia sahihi, na nilijisikia nimefanya kazi yangu vizuri. Nasema ukweli. Nilimwonea huruma, lakini nilimwonea huruma kama mwongo.

Kesho yake asubuhi mlinzi mmoja, Nakato, alikuja dirishani kuchukua tochi. Nikaitoa rafuni, nikabonyeza mbele yake ili aone, nikampa. Hakuipokea. Alikuwa anatazama vidole vyangu.

"Mama, kwanza umekaza nini?"

"Nimekaza wapi?"

"Hapo nyuma. Ulizungusha, halafu ukabonyeza."

Nilichukua nyingine, nikaitoa vile vile, safari hii nikijitazama. Kidole gumba na cha shahada vilishika kitako, vikazungusha, ndipo nikabonyeza. Sikuwa nimeviagiza. Nikachukua ya tatu, mambo yale yale. Nikaketi juu ya katoni. Tochi ya Okot ilifika ofisini imelala, kama nilivyoilaza mimi, na mikono yangu iliiamsha mbele ya macho ya watu watatu bila hata mmoja wetu kuona.

Sitajifanya shujaa. Nilikaa juu ya katoni ile nikihesabu miezi iliyobaki nistaafu, nikawaza kwamba hakuna anayejua zaidi ya mimi. Nakato hakuwapo ofisini siku ile. Jina langu lilikuwa safi miaka yote hiyo, na nililipenda jina hilo. Kisha nikamwona tena kichwani mwangu Okot akiutazama ukuta, nikainuka.

Mkuu wa Operesheni alinisikiliza mpaka mwisho. "Bado miezi ngapi ustaafu?"

"Mitano, Afande."

"Na unaniletea hii maneno sasa?"

"Ndiyo, Afande. Tochi haikuwaka. Mimi ndiye niliyeiwasha."

Alinitukana kidogo, kijeshi, kisha akairarua barua ya Okot akaandika nyingine, ya kwangu. Nilipata onyo, la kwanza na la mwisho, na lilinistahili. Okot alirudishwa kazini na matibabu yake yakachukuliwa na kampuni. Nami nikaweka desturi ambayo nasikia bado wanaifuata: anayepokea tochi huichukua mwenyewe rafuni na kuiwasha kwa mkono wake, na mtu wa stoo husimama mikono ikiwa nyuma.

Sasa nimestaafu, na watu hawaniachi. Jirani, mwenye duka, hata shehe wa msikiti wetu, kila mmoja anakuja na tochi kuuliza kama amenunua nzuri. Nawajibu kwa uhakika ule ule wa zamani. Kwa nyumbani, ndogo, mwanga wa kumwaga, swichi ubavuni. Kwa lango kubwa na ghala, mwanga wa kutupa, swichi ya kitakoni, kazi moja tu. Usinunue namba. Usinunue meno ya chuma yanayozunguka kioo cha mbele kwa sababu yanatisha. Na ninyi vijana mnaopima vifaa, mwacheni apime yule atakayevitumia, maana mkono wa mtaalamu unarekebisha mambo bila kumwomba ruhusa mwenyewe. Kosa langu halikutokana na kutojua kazi. Niliijua mno.

Nimebakiza jambo moja. Jumapili iliyofuata onyo lile, alasiri, nilikwenda Luzira alikopanga Okot, chumba kimoja katika safu ya vyumba sita. Alikuwa amekaa nje, mguu juu ya kigoda, mke wake akichambua mboga mlangoni bila kumsemesha. Majirani walijua habari za barua ya kwanza. Ya pili hawakuwa wameisikia. Nikamweleza yote kwa sauti, ili wote wasikie, nikamwomba msamaha.

"Mama," Okot akasema, "siku ile uliwasha, hata mimi nikaanza kufikiri labda sikubonyeza. Kila siku nauliza kichwa yangu. Huyu mke wangu pia nauliza kama nililala kazini."

Nilitoa tochi mkobani, ile ile, nikalegeza kitako robo mzunguko wote wakitazama, nikampa.

Akabonyeza. Haikuwaka. Akabonyeza tena, mara ya tatu, mara ya nne, haikuwaka, na Okot, mtu mkimya, akaanza kucheka kwa nguvu mpaka gongo likaanguka. "Mnaona? Haiwaki! Si mnaona?" Akampa jirani wa kushoto, naye akabonyeza. Akampa wa kulia. Tochi ikapita safu nzima ya vyumba, mkono kwa mkono, na kila mtu alibonyeza, na kila mtu akasema haiwaki.

Wa mwisho alikuwa mke wake. Alijifuta mikono kwenye leso, akaishika, akabonyeza mara moja. Kisha akaiweka chini, akasogeza kigoda chake mpaka kwenye ule mguu wa plasta, akaketi karibu na mumewe.