Sifuri ya Kware: Mwalimu anayefundisha hesabu kwenye ngazi za ploti

Saa nne kasorobo asubuhi, Lenah Kweyu amesimama mlangoni mwa ploti moja, jengo la vyumba vya kupanga mtaani Kware, Nairobi, viatu vyake vya raba vikiwa juu ya sifuri.

Sifuri yenyewe imechorwa kwa chaki sakafuni, kwenye kiwanja kidogo kilicho kati ya geti na ngazi, karibu na mfereji ambapo wapangaji huteka maji. Ngazi zinazopanda na zinazoshuka zimejaa wanafunzi wa Gredi ya Saba waliovaa sweta za kijani.

"Vivian, uko wapi?" anauliza Lenah.

"Ghorofa ya pili, Madam."

"Shuka tatu."

Msichana mwembamba anashuka akihesabu kwa sauti. Anafika ghorofa ya kwanza, anampita mwalimu wake pale getini, kisha anapotelea chini kwenye giza la ngazi. Halafu sauti inapanda kutoka huko.

"Hasi moja, Madam."

Lenah anafumba macho kidogo, kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta chumvi imekaa sawa. Mpangaji mmoja anapita katikati yao na mtungi wa lita ishirini kichwani. Wanafunzi wanajibana ukutani kumpisha. Yeye hana habari na hesabu za mtu, lakini anaelekea chanya nne.

Ploti hii imejengwa kwenye mteremko unaoelekea mtoni. Ukiingia kutoka barabarani, huingii chini kabisa, unaingia katikati. Juu yako kuna ghorofa saba, na chini ya barabara kuna mbili nyingine ambazo madirisha yake yanatazama mto. Kwa mwenye nyumba, hiyo ni kodi ya ziada. Kwa Lenah, ni mstari wa namba uliosimamishwa wima, tena wenye watu ndani.

Lakini leo huenda ikawa mara ya mwisho kuutumia. Wiki ijayo wanafunzi wanafanya mtihani wa mwisho wa muhula, na Mwalimu Mkuu, Bwana Ndambuki, ameshatoa sharti lake. Darasa likianguka tena kwenye namba hasi, hakuna mwanafunzi atakayetolewa nje ya lango kwa ajili ya somo la hesabu.

"Aliniambia, 'Wakishindwa, rudi ubaoni kama wenzako,'" anasema Lenah. "Simlaumu. Mwanafunzi akianguka kwenye ngazi, anayeulizwa ni yeye Mwalimu Mkuu."

Lenah ana umri wa miaka ishirini na tisa. Alizaliwa Butere, akasomea ualimu chuo kikuu, kisha akazunguka na vyeti mpaka bahasha ikachakaa. Mwishowe alipata nafasi ya mwalimu mwanagenzi katika sekondari msingi, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Hupokea posho ya shilingi elfu kumi na saba kwa mwezi, na kodi ya chumba chao kule mtaa wa Pipeline humeza karibu nusu yake. Mumewe, Luseno, ni kibarua katika karakana ya mageti kule Industrial Area, eneo la viwanda.

Darasa lake lina wanafunzi zaidi ya sabini na vitabu visivyofika ishirini. Kwa hiyo hesabu zake nyingi hazitoki kitabuni. Huanza somo kwa kumwambia mwanafunzi afikirie namba, aizidishe mara mbili, aongeze kumi, agawe kwa mbili, kisha atoe ile namba aliyoanza nayo. Halafu anamwambia amebaki na tano. Watoto humtazama kama mganga, na hapo ndipo huwaonyesha kwamba uganga wote umekaa kwenye herufi moja, ile wanayoiita x.

Mambo yalikwama kwenye namba hasi.

Muhula wa kwanza aliwapa swali jepesi: mbili toa tatu. Jibu ni hasi moja. Sehemu kubwa ya darasa iliandika hasi mbili.

"Mwanzo nilidhani wamenakiliana," anasema. "Nikawatenganisha, nikawapa lingine. Tatu toa tano. Wakaandika hasi tatu. Nikarudia kufundisha wiki nzima, jibu likawa lile lile. Nikaanza kujiuliza kama kazi hii naiweza kweli."

Kilichomshangaza ni kwamba waliokosea hawakuwa wazembe. Vivian, anayeongoza darasa mara nyingi, alikuwa miongoni mwao. Tena nne toa tatu walipata. Hasi moja toa moja walipata. Walikosea tu pale hesabu ilipovuka kutoka juu kwenda chini, na kila mara walipitiliza kwa moja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku moja wakati wa mapumziko, Lenah aliketi kwenye dawati la Vivian akamwomba afikirie kwa sauti.

"Nafikiria kwetu, Madam," Vivian alimjibu. "Si wewe ndiye ulituambia tufikirie ngazi za kwetu?"

Ni kweli, yeye ndiye aliyewaambia. Aliona watoto wanaishi ghorofani, akaona mfano umejileta wenyewe. Hakuwahi kuzikanyaga ngazi zenyewe.

Jioni hiyo alimfuata Vivian nyumbani. Walianza ghorofa ya pili, wakashuka. Ya kwanza. Kisha wakapita getini bila Vivian kusema neno, wakashuka tena. "Chini moja," akasema Vivian. Kisha mlangoni mwao, "Chini mbili."

"Na pale getini?" Lenah akauliza.

"Getini hakuna mtu anakaa, Madam. Sisi tunahesabu penye watu wanakaa."

Lenah anasema alicheka mpaka akashika ukuta. Wanafunzi wake hawakuwa wajinga. Walikuwa wakihesabu sawasawa katika nyumba isiyo na sifuri. Karibu wote wa upande ule wa mto wanaishi kwenye ploti za namna hiyo, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mahali pasipokaliwa na mtu pia huhesabiwa.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo Kware bado wanalizungumza.

Alikwenda kwa Mzee Okumu, msimamizi wa ploti, kuomba ruhusa ya kuandika namba kwenye ngazi. Mzee huyo, ambaye hukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mfereji tangu asubuhi hadi jioni, hakuona ubaya.

"Nilimwambia aandike, bora asizuie watu wa maji," anasema Mzee Okumu. "Mimi napenda masomo. Sikuuliza rangi ni gani."

Rangi ilikuwa nyekundu. Ni ile ya kuzuia kutu ambayo mafundi wa mageti hupaka kwanza, na Luseno alikuwa amebakiza nusu kopo. Baada ya masomo, Lenah na wanafunzi wachache waliandika sifuri kubwa getini, moja hadi saba kwenda juu, na hasi moja na hasi mbili kwenye kuta za chini. Wakanawa mikono, wakaenda zao wakiwa wamefurahi.

Wapangaji walianza kurudi kutoka kazini saa kumi na mbili.

Mgeni hawezi kuelewa haraka. Lakini mtu anayeishi kando ya mto huu hukumbuka mwaka wa mafuriko, wakati nyumba zilipoandikwa namba kwa rangi nyekundu na baada ya siku chache tingatinga likaja kuzibomoa. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa walikuta ukutani mwao namba nyekundu, mbichi, na mbele ya namba kuna kistari.

"Mimi sikuuliza maswali," anasema Phelister, mamake Vivian, ambaye hufunga bidhaa katika kiwanda kimoja. "Nilianza kufunga vyombo. Godoro nilikuwa nimeshalikunja. Nikapiga simu nyumbani, nikawaambia wanisafishie ile nyumba ya nyanya, tunakuja."

Vivian alikuwa kwa rafiki yake akifanya kazi ya ziada. Aliporudi alimkuta mamake ameketi juu ya gunia la nguo akilia. Alipomweleza, mama hakuamini.

"Nilimwambia, wewe ni mtoto, umedanganywa. Nani atapaka rangi nyumba ya watu juu ya hesabu?"

Kabla giza halijaingia, mwenye nyumba alikuwa amepigiwa simu na wapangaji wasiopungua kumi. Asubuhi, Mzee Okumu alipewa maneno mawili: amlete aliyeandika, au aondoke yeye. Mzee alivaa koti lake, akaenda shuleni, akaketi nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu.

"Nilipomwona pale nilijua nimeharibu," anasema Lenah. "Nilikwenda chooni nikalia. Mtu amenipa ruhusa kwa roho safi, na sasa anataka kupoteza kazi kwa sababu yangu. Na wale mama wa chini walilala na mizigo mlangoni."

Jumamosi alikwenda kuomba msamaha, mlango kwa mlango, akiongozana na wanafunzi wanaoishi humo. Aliwaacha watoto wawaeleze wazazi wao. Wengine walicheka. Wengine walimwambia mambo ambayo hataki yaandikwe gazetini. Jumapili Luseno alikuja na brashi ya waya, akazikwangua namba zote. Mwenye nyumba akalegea kidogo: Mzee Okumu abaki, na somo liendelee kwa chaki tu, mradi ifutwe kila mwisho wa somo.

Phelister ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, na swali lake halikuhusu rangi.

"Nilimuuliza, kwa nini sisi wa chini ndio tuwekewe alama ya kutoa? Kodi tunalipa kama wengine."

 Lenah alisimama mlangoni, akatazama mto kupitia dirisha la Phelister, ndipo jibu likamjia.

"Nikamwambia, 'Mama Vivian, hasi si ubaya, ni upande tu. Tukianza kuhesabu kutoka mtoni, nyinyi ni chanya kama wengine. Sifuri huwekwa na mtu.'"

"Nami nikamuuliza, mbona wewe ukaiweka pale juu?" anasema Phelister.

"Nikamjibu, kwa sababu geti ni la wote," anasema Lenah.

 Phelister alimpa kiti.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, makundi ya wanafunzi hupokezana ngazi huku wengine wakibaki darasani na mazoezi. Shuleni hesabu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini ngazini Lenah huruhusu lugha yoyote, hata Sheng, bora mguu ukanyage panapotamkwa. Akisikia mtu amevuka geti bila kutaja sifuri, kundi zima hurudi juu. Ni adhabu ndogo, ila kwa mtoto aliyekwisha kupandisha maji asubuhi, inafundisha.

Bwana Ndambuki anasema hana ugomvi na mbinu za mwalimu wake. "Mzazi hunipigia simu kuniuliza kwa nini mtoto wake yuko kwenye ploti ya watu saa nne asubuhi," anasema. "Nimjibu nini? Nataka kumwonyesha alama."

Wiki iliyofuata, mwandishi alimkuta Lenah katika chumba cha walimu, mbele yake rundo la karatasi. Alikuwa ameanza kusahihisha swali la sita katika karatasi zote kabla ya mengine. Tatu toa tano.

Hasi mbili. Hasi mbili. Hasi mbili. Peni nyekundu ilikwenda kwa mwendo mmoja mpaka karibu na mwisho, ikasimama. Kuna aliyeandika hasi tatu.

Lenah aligeuza karatasi kusoma jina, akatabasamu. "Huyu, kwao wamehamia Kware juzi," alisema. "Bado hajapita getini na mimi."

Walikuwapo wengine wachache waliokosea kwa njia zao, kama ilivyo katika darasa lolote. Bwana Ndambuki aliyapitia matokeo akiwa amesimama, akayarudisha mezani. "Sijazipenda ngazi bado, Madam," alimwambia. "Lakini endelea."

Muhula ujao Lenah anataka kufundisha milinganyo. Amezungumza na muuza vyuma chakavu aliye karibu na shule amwazime mizani ya sahani mbili. Ataweka mfuko wa kaki uliofungwa upande mmoja pamoja na vizibo vya soda, na upande wa pili vizibo peke yake, kisha wanafunzi watatoa kimoja kimoja kutoka pande zote mbili mpaka wajue mfuko umeficha vingapi. "Watajua x ina uzito kabla ya kuiandika," anasema.

Mkataba wake unakwisha Desemba. Ameomba kazi ya kudumu, na anajua akiipata anaweza kutumwa kaunti yoyote.

"Popote nitakwenda," anasema. "Naomba tu pawe na ngazi."

Alhamisi ya mwisho kabla ya shule kufungwa, anatembea tena na kundi lake hadi kwenye ploti, chaki mkononi. Getini anasimama ghafla, na wanafunzi walio nyuma wanamgonga mgongoni.

Sakafuni kuna sifuri ya rangi ya buluu, imekauka vizuri, mviringo wake umepinda kidogo upande mmoja. Mzee Okumu, kutoka kwenye kiti chake, anaeleza kwamba wapangaji wa chini ndio waliomwendea mwenye nyumba kuomba ruhusa, na rangi wamechanga wenyewe. Aliyeshika brashi ni Phelister.

"Nimechoka kumwelekeza mtu wa gesi," anasema Phelister, ambaye leo yuko zamu ya usiku na amekuja kuteka maji. "Sasa namwambia, simama kwa sifuri, kisha shuka mbili."

 Lenah anarudisha chaki mfukoni, anakanyaga sifuri kwa miguu yote miwili, na kuuliza nani anapanda ghorofa ya tano.