Barua ya Posa Ndani ya Tairi

Hili nalisema mwenyewe kabla Masanja hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi na lenyewe lilivyo linatosha: mimi ndiye mshenga niliyefikisha barua ya posa ikiwa ndani ya tairi la baiskeli.

Masanja, rafiki yangu, alikuwa anaposa kule Magu, nami nikasema basi la nini wakati nina baiskeli ya njia za changarawe yenye matairi ya tyubulesi (yale yasiyo na tyubu, ndani kuna maji meupe yanayoziba tundu yenyewe, na mimi nilikuwa nimeongeza duara la sponji la kulinda rimu, mambo ya kisasa). Mke wangu akaniuliza kama nimebeba tyubu ya akiba, nikamwambia tyubu ni za wabeba mkaa.

Nikapita njia ya vumbi ya kando ya ziwa, na mbele ya Kisesa jiwe likachana tairi ubavuni, urefu wa kidole, maji meupe yakanirukia suruali nyeusi yote. Nikakokota hadi kwa fundi mmoja mzee, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akiitazama ile sponji. Akaitoa, akanivisha begani, akaweka tyubu yenye viraka vitatu, kisha akasema pale palipochanika panataka karatasi ngumu kwa ndani, la sivyo tyubu itachungulia nje na kupasuka. Karatasi hakuwa nayo. Mimi nilikuwa na bahasha. Bahasha peke yake ikawa nyembamba, kwa hiyo (naona aibu mpaka leo) nikairudisha barua ndani yake, nikaikunja mara mbili, nikampa.

Nikafika. Wazee wamekaa, mimi na sponji yangu begani, na baada ya salamu baba wa binti akaomba barua.

"Iko kwenye tairi, baba."

Akanitazama kidogo. "Itoe."

Nikafungua tairi kwa vijiko viwili vya jikoni, ukoo mzima ukitazama. Barua ilikuwa imegandamana, likasomeka jina la Masanja na neno heshima, basi. Mzee akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akanirudishia.

"Mwambie mwenzako hatujamkataa yeye," akasema. "Tumemkataa mshenga."

Masanja alioa, kwa barua nyingine iliyopelekwa na mtu mwingine, kwa basi. Harusini nilikaa meza ya nyuma kabisa, na iliniuma, maana ushenga ule niliutaka kweli. Siku hizi natembea na tyubu mbili na pampu hata nikienda sokoni, na barua ya mtu sibebi tena, ingawa ukweli ni kwamba tangu hapo hakuna aliyeniomba.