Gitaa la Besi la Mkono wa Kushoto

Gitaa lile halikuwa langu. Lilikuwa mali ya bendi ya wafanyakazi vijana wa pale Bukoba mjini, na kabla yangu alilicheza karani mmoja ambaye baadaye alihamishiwa Tabora. Alipoondoka aliliegemeza ukutani kwenye chumba cha mazoezi, likabaki hapo likila vumbi. Miaka ile baada ya Azimio, kila chama cha ushirika na kila ofisi ilitaka kuwa na kwaya au bendi yake, na bendi yetu ilikuwa imenunua vyombo vya bei ya chini kuliko vyote vilivyopatikana. Besi ndiyo ilikuwa duni zaidi. Mwili wake ulikuwa wa mbao nyembamba zilizobandikwa pamoja, ukapakwa rangi nyekundu ya kung'aa. Nyuzi zake zilikaa juu mno ya shingo, ukizibonyeza vidole vinawaka moto.

Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, nimepanga chumba Rwamishenye, kwetu ni Izimbya. Katika bendi nilikuwa mwimbaji. Lakini tangu utoto wangu kanisani nilipenda kusimama mbele ya wanaume wenye sauti nzito, kwa sababu walipoimba nilizisikia sauti zao mgongoni kabla ya masikioni. Nilitaka na mimi niwe mahali pale zinapotokea.

Nilipomwomba mkuu wa bendi anipe besi, alicheka kwanza.

"Dada, hilo ni zito. Wewe imba."

"Waimbaji tupo wanne, kaka. Wa besi hayupo."

Aliliangalia lile gitaa, akaniangalia mimi. "Lichukue basi. Likikushinda utalirudisha."

Lilinishinda. Wiki mbili nzima nilijaribu chumbani kwangu, vidole vikachubuka hata chaki ikawa mateso kuishika. Mkono wa kulia ulichelewa kwenye nyuzi, na wa kushoto ulipotea kwenye shingo. Niliona haya kulirudisha. Ndipo mwalimu mwenzangu akaniambia kuna fundi redio karibu na barabara ya kwenda mjini, ana mikono ya subira, labda anaweza kuzishusha zile nyuzi.

Alikuwa kijana aliyenizidi miaka michache, mrefu, mwenye tabia ya kuguna kidogo kabla ya kusema. Kibanda chake kilijaa redio zilizofunuliwa migongo. Alilipokea gitaa, akalitazama kwa kulilaza usawa wa jicho, kama fundi seremala anavyotazama ubao, kisha akanirudishia.

"Cheza nione, Mwalimu."

Nilicheza kidogo nilichojua. Aliguna.

"Mkono wako ni upi?"

"Wa kulia," nilijibu.

Aliokota kipande cha kitambaa mezani, akanirushia ghafla. Nilikidaka kwa mkono wa kushoto.

"Nimekuuliza mkono wako, Mwalimu, sio mkono wa shule."

Nilipokuwa na miaka saba, mkono huo ulifungwa kwa kitambaa na mwalimu wangu ili nijifunze kuandika kwa ule mwingine. Nyumbani nilikatazwa kumpa mgeni kitu kwa mkono huo. Nilikuwa nimekua nikiuchukulia kama ndugu mtukutu ambaye hatumtaji mbele za watu. Na sasa mtu nisiyemjua kabisa ameniulizia habari zake. Machozi yalinitoka, na yeye akajifanya anatafuta bisibisi chini ya meza mpaka nikamaliza.

"Tutaligeuza," alisema alipoinuka.

Kuligeuza hakukuwa jambo la siku moja. Dukani hakukuwa na kifaa hata kimoja cha gitaa; miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Kila kitu alikitafutia mbadala. Kile kipande kidogo chenye mifereji ya kupitishia nyuzi, kule juu shingoni, kilikuwa cha plastiki, na mifereji yake ilipangwa kwa mtu wa kulia. Alikitupa. Alinituma buchani nilete mfupa wa mguu wa ng'ombe, akauchemsha, akaukausha juani, akaukata, kisha akauchonga kwa tupa ndogo siku tatu jioni, mfereji mpana ukienda upande ambao zamani ulikuwa wa uzi mwembamba. Kwenye mwili wa gitaa alikata pengo jipya kwa msumeno ili mkono wangu ufike vile vyuma vya shingoni vyenye sauti za juu. Pale shingo inapofungwa kwa skrubu alipachika kipande cha jalada la daftari la darasa langu, shingo ikainama kidogo, na nyuzi zikashuka. Nyuzi zenyewe zilikuwa zimekufa sauti kwa jasho na kutu. Alizichemsha kwenye sufuria kama mtu anayepika mihogo, akazifuta, zikafufuka.

Nilikuwa nafika kila nikitoka shule. Yeye alikuwa Mlutheri, baba yake mwinjilisti. Mimi Mkatoliki, baba yangu mzee wa kanisa anayejulikana tarafa nzima. Hayo tuliyajua tangu siku ya kwanza, kwa sababu Bukoba hayo hujulikana kabla ya jina. Hatukuyazungumza. Tulizungumza mbao, sumaku, na namna sauti nzito inavyopita ukutani wakati nyembamba inabaki ndani.

Kazi ya mwisho ilikuwa ile sumaku ya kunasia sauti chini ya nyuzi. Waya wake ulikuwa umekatika ndani, sauti ikatoka dhaifu kama ya mgonjwa. Alifungua transfoma ya redio iliyokufa, akatoa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Ilibidi uzungushwe upya maelfu ya mara, bila kukatika. Alifunga sumaku kwenye keekee ya mkono, ile ya kutobolea mbao, yeye akawa anazungusha taratibu na kuongoza waya kwa vidole, mimi nahesabu kwa sauti.

Tulihesabu jioni nyingi. Nikifika elfu naandika alama ukutani kwa chaki, naanza tena. Mvua ilipiga bati, tukawa tunapaza sauti. Siku moja tulibakiza kidogo sana kumaliza, nikaona kazi inaniishia mikononi, na nikiondoka na gitaa langu sitakuwa na sababu ya kurudi. Nikanyamaza.

"Umefika ngapi?" aliuliza.

"Nimesahau."

Aliutazama ukuta, pale zilipokuwa alama zangu, zimepangwa vizuri kwa mwandiko wa mwalimu. Alijua. Aliguna, kisha akaanza kuufungua ule waya wote, polepole, akiukunja kwenye kibati.

"Basi tuanze upya," alisema, na hakunitazama, ila masikio yake yalikuwa yanacheka.

Mpaka leo, nikiulizwa kama niliwahi kupendwa, jioni hiyo ndiyo inayonijia.

Tulipopiga mara ya kwanza mjini, watu walisogea jukwaani kutazama mwanamke wa besi, tena wa kushoto. Baadaye tulialikwa Muleba, kwenye kijiji kipya cha ujamaa, tukaenda kwa lori la ushirika juu ya magunia. Fundi alikuja nasi kutunza amplifaya, iliyokuwa ikitumia betri ya gari. Wenyeji walitukaribisha kwa ndizi na pombe ya rubisi, na walipomaliza hotuba za kilimo tukaanza. Nilipogonga uzi mnene, nilisikia mbao zile za bei rahisi zikinitetemekea mbavuni. Bibi mmoja alikuja akaweka kiganja chake juu ya mwili wa gitaa huku nikipiga, akafumba macho. Wimbo ulipokwisha akasema kwa Kihaya, akianza na lile neno la upole, "Waitu, hiki kinaongea tumboni." Nilimtafuta fundi kwa macho. Alikuwa amekaa juu ya betri yake, akiniangalia muda wote.

Habari zililitangulia lori kurudi. Jumapili iliyofuata baba yangu alikuja Rwamishenye kutoka Izimbya, amevaa koti lake la kanisani. Nilimsalimia kwa kupiga magoti, nikamchemshia chai. Alikunywa kikombe kizima.

"Nimesikia unapiga ngoma ya nyuzi kwa mkono ule," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Tata."

"Hilo nimelimeza. Lakini huyo anayekutengenezea, mwana wa mwinjilisti, hilo siwezi kulimeza. Mtasali wapi? Watoto watabatizwa wapi? Mama yako atazikwaje, wewe ukiwa umesimama upande ule?"

"Hajaniambia neno lolote, Tata."

"Ndiyo maana nimekuja sasa," alisema, "kabla hajalisema."

Hakunifokea. Angefoka ningepata nguvu ya kumkatalia. Aliweka mkono wake kichwani pangu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto, akachukua kofia yake, akaondoka kwa miguu.

Nilimweleza fundi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kwetu wamesema hivyohivyo," alijibu. "Ila kwa maneno makali zaidi."

Miezi michache baadaye alipata kazi Goziba, kisiwani huko, kutengeneza injini za boti za chama cha wavuvi. Aliniambia tukiwa kibandani, redio zote zimeshafungwa kwenye maboksi. Alinifundisha kwa mara ya mwisho jinsi ya kuitazama shingo: masika itakunywa unyevu na kupinda, kiangazi itanyooka, nisiogope, nikaze au nilegeze robo tu kisha nisubiri siku moja. Alinipa bisibisi yake ndogo. Tulipeana mikono. Alinipa wa kushoto.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa shule moja ya Muleba, upande wa ziwani. Bendi iliniruhusu nikae na gitaa, kwa kuwa nilikuwa nikirudi kwa maonyesho. Barua zake zilifika kwa mkono wa wavuvi, zikinuka dagaa. Safari moja alituma kifurushi: vipande vinne vya shaba nyeusi alivyovichonga kutoka kwenye bushi ya injini iliyokufa, vya kukalishia nyuzi kule chini kwenye daraja la gitaa. Nilivifunga mwenyewe kwa bisibisi yake. Sauti ikawa ndefu, ukigonga uzi unaweza kuvuta pumzi mbili kabla haujanyamaza.

Kisha ikaja barua fupi. Aliandika kwamba kule kisiwani watu wametoka kila mahali na hakuna anayemuuliza mtu anasali wapi. Aliandika kwamba amejenga nyumba ya vyumba viwili. Aliitaja siku ambayo boti ya chama ingekuja kwenye mwalo wa karibu na shule yangu. Hakuandika "njoo". Hakuwa mtu wa kuandika hivyo.

Siku hiyo nilishuka mwaloni asubuhi na begi moja, na gitaa nimelifunga kwenye blanketi. Boti ilikuwa tayari, wanapakia chumvi na nyavu. Mwendeshaji alinijua bila kuambiwa.

"Wewe ndiye Mwalimu?"

"Ndimi."

"Ameniambia nikusubiri hata nikichelewa."

Alinisubiri. Abiria walipanda wote, wakakaa juu ya chumvi wakinitazama. Nilisimama kwenye maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Nilimfikiria mama yangu, ambaye mwaka huo alikuwa ameanza kuugua. Niliwafikiria watoto arobaini wa darasa langu. Nilitafuta sababu nyingine na nyingine, na zote zilikuwa za kweli, lakini hakuna hata moja iliyokuwa ndiyo yenyewe. Nilikuwa naogopa. Nilimwambia mwendeshaji aende. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Injini ilipowaka, niliitambua sauti yake kuwa imetunzwa vizuri.

Barua hazikuja tena. Niliolewa na mwalimu mwenzangu, Mkatoliki, mtu mwema aliyeniheshimu siku zote, na tulipata watoto watano. Bendi ilidai gitaa lake, nikalirudisha. Miaka miwili baadaye nililiona kwenye sherehe mjini. Kijana aliyelicheza alikuwa wa kulia. Walikuwa wamezirudisha nyuzi upande wa kwanza, na mahali pa ule mfupa palikuwa na kipande cha mti. Mlio ulikuwa mbaya. Mume wangu aliniuliza kwa nini nimenyamaza, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Nilimwona fundi mara moja tu baada ya hapo, soko la Bukoba, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, watu wamejaa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuingia mvi. Alikuwa na mkewe, mama mchangamfu mwenye mtoto mgongoni.

"Huyu ni mwalimu niliyekuwa namtengenezea gitaa," alimwambia.

"Aa! Shikamoo, Mwalimu," alisema yule mama, akitabasamu, na nikaona kwamba alikuwa ameshasimuliwa habari zangu, na zilikuwa habari njema.

"Marahaba, mama. Za kisiwani?"

"Njema, waitu."

Tulisimama watu wakitusukuma. Aliguna kidogo, kama zamani.

"Bado unalipiga?" aliuliza.

"Kila Jumapili," nilisema.

Alifurahi. Alifurahi kwelikweli, uso wote. Walinunua senene kikombe kimoja, wakanigawia nusu kwenye gazeti, tukaagana. Niliwatazama mpaka koti lake lilipopotea kati ya watu, kisha nikaenda kituoni kutafuta gari la Muleba. Watoto walikuwa wananisubiri. Njia nzima nililipakata lile gazeti, na vidole vya mkono wangu wa kushoto vilikuwa vikigonga pajani, taratibu, wimbo ambao wenzangu garini hawakuusikia.