Shemeji Kasema Punguza

Shemeji yangu ni mkaguzi wa miti katika bustani ya umma, na ukimwona kazini utadhani ni daktari. Anauzungushia mti kamba yake ya kupimia, anaugonga kwa nyundo ya mbao, anatega sikio kwenye gome, anapiga magoti kutafuta uyoga kwenye mizizi, kisha anarudi nyuma, anashika kiuno na kuutazama kama mtu anayeulizwa aoe au asioe. Akimaliza anapaka doa jeupe kwenye shina. Doa maana yake mti huo una kazi. Kazi gani? Hapo ndipo penye balaa. Kazi yenyewe huwa anaisema kwa mdomo, na mdomo wa shemeji yangu haumalizi sentensi.

Tangu utotoni yuko hivyo. Mama yao, ambaye ni mama mkwe wangu, husema alikuwa akitumwa dukani anafika na kusema, "Nimetumwa ile," halafu muuza duka ajijue mwenyewe. Amekua, amesomea miti, amepewa buti na kofia ngumu, na bado ni ile, ile pale, fanya kama ile ya juzi. Ukimwomba aeleze zaidi anakutazama kama umemkopa ukakataa kulipa.

Kaka yake, aliyekuwa mume wangu, yeye sentensi zake alizimaliza vizuri sana. Aliniambia anaondoka, akaniambia anakwenda kwa nani, akaniambia mama yake abaki kwangu kwa kuwa huyo mwanamke mpya hajazoea wagonjwa. Kana kwamba mimi nilizaliwa nao. Mama mkwe yuko kitandani, upande mmoja wa mwili haumtii, na lazima ageuzwe mara kwa mara, asipogeuzwa anatoka vidonda. Sikumfukuza. Kosa si lake, na katika ukoo ule ni yeye peke yake anayejua kusema asante.

Shemeji ndiye aliyenitafutia kazi ya kufagia bustani. Hilo silikatai, na hata ningelikataa angenikumbusha. Sijui kusoma, na ufagio hauulizi cheti. Bustani iko ng'ambo ya barabara, ukitoka mlangoni kwangu unaiona. Mchana, wenzangu wakikaa chini kula, mimi navuka, namgeuza mgonjwa, namnywesha maji, narudi. Kazi nyingine ya kufagia iko stendi, mwisho wa mji. Huko ukienda asubuhi unarudi jioni, na mtu uliyemwacha amelalia ubavu utamkuta amelalia ubavu ule ule.

Sasa, siku moja shemeji kapita mbio mbio, kamba shingoni, anaitwa ofisini.

"Shemeji," akasema bila kusimama, "mwambie Msumeno apunguze ile ya kwenye bembea."

Msumeno ndiye mkata miti wetu. Mashine yake imemla masikio, kwa hiyo kuzungumza naye ni kama kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nikamfuata.

"Shemeji kasema upunguze ile ya kwenye bembea."

"Yenye madoa?"

"Kasema ile ya kwenye bembea. Madoa utayaona mwenyewe, mimi si mkaguzi."

"Haya, dada."

Nikavuka kwenda kumgeuza mama mkwe. Niliporudi sikuijua bustani. Kwenye bembea kulikuwa na miti sita, kivuli chake kizito, kina mama walikuwa wakikaa hapo na watoto mpaka jua lishuke. Sasa ilikuwa imesimama mitatu. Mingine mitatu imelala chini, majani bado mabichi, na mtoto mmoja analia kwa sababu minyororo ya bembea imemchoma viganja.

Shemeji alifika, mikono kichwani.

"Nilisema kupunguza."

"Ilikuwa sita, sasa ni mitatu," Msumeno akajibu. "Nimepunguza."

"Kupunguza matawi, bwana. Matawi."

"Matawi nayasikia leo."

Kwa Msumeno kupunguza miti ni kama kupunguza mbuzi zizini. Kwa shemeji ni kama kupunguza nywele. Wote wawili wana haki kwa lugha waliyozaliwa nayo. Lakini hawakutazamana wao kwa wao. Waligeuka wakanitazama mimi.

Tukaitwa kwa meneja wa bustani, mama mmoja mwenye miwani ambayo muda wote iko kichwani na muda wote anaitafuta. Akauliza nani alipeleka ujumbe. Shemeji akatazama buti zake.

"Ulipitia kwa mfagiaji," akasema. Hakusema shemeji yangu. Hakusema anayemwogesha mama yangu. Mfagiaji. "Unajua tena, mama, hajasoma. Neno likipitia kwa mtu ambaye hajasoma..."

Na hiyo pia hakuimalizia, ila safari hii kila mtu alimwelewa.

"Mimi neno nimelifikisha kama nilivyopewa," nikasema. "Sikuongeza, sikupunguza."

Msumeno akakohoa kuficha kicheko. Meneja hakucheka.

"Basi tatizo liko wapi?"

"Liko kwenye neno, mama."

"Neno siwezi kulihamishia stendi," akasema meneja. "Wewe naweza. Mwezi ukiisha utaripoti huko."

Jioni nilimweleza mama mkwe huku nikimpaka mafuta mgongoni.

"Akija," akasema, "mwambie mama kasema ile."

"Ile ipi?"

"Atajua mwenyewe. Si ndivyo anavyopenda?"

Na kweli alikuja, kama anavyokuja kila jioni, kumwona mama yake na kula chakula changu. Nikamuuliza, nikienda stendi mama atageuzwa na nani mchana.

"Tutaangalia namna."

"Tutaangalia wewe na nani?"

"Shemeji, usiwe hivyo."

"Nenda kamwambie meneja kwamba hukutaja matawi. Ni maneno machache."

"Nitaona," akasema, akanawa mikono, akaondoka. Aliona nini sijui. Siku zilikwenda, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwabembeleza majirani waje kunigeuzia mgonjwa, mmoja analalamika mgongo, mwingine ananiahidi huku anafunga mlango.

Wiki ya mwisho ya mwezi walifikia miti ya ukutani. Ile ilipandwa karibu karibu, inasongana kama watu kwenye foleni ya maji, mwembamba mmoja anamkaba mwembamba mwenzake. Meneja alikuja kukagua. Shemeji kaipaka madoa, kasimama, kashika kiuno. Mimi nafagia pale pale.

"Shemeji," akasema, "mwambie Msumeno aipunguze hii."

Nikaegemeza ufagio ukutani.

"Msumeno yuko pale, unamwona. Mwambie mwenyewe."

"Shemeji, kazi."

"Ndiyo, kazi. Mimi sijasoma, nitalipoteza njiani."

Meneja akageuka. "Si umwambie tu," akamwambia. "Hatua mbili hizo."

Shemeji akajikokota mpaka alipokuwa Msumeno. Akapaza sauti, sote tukasikia: "Punguza hii ya ukutani." Kisha akarudi zake, kazi imekwisha.

Msumeno akaiacha mashine kubwa chini. Akachukua ngazi na msumeno wa mkono, akapanda mti wa kwanza, akaanza kudondosha matawi, moja baada ya jingine, taratibu, kwa heshima. Alikuwa kwenye mti wa pili shemeji alipogeuka.

"Unafanya nini wewe? Kata mmoja, acha mmoja. Inasongana hii."

Msumeno alishuka ngazi polepole. "Bosi, juzi punguza ilikuwa matawi. Leo ni miti. Naomba unipe ratiba yake, ijulikane siku gani inakuwa nini."

Meneja akashusha miwani kutoka kichwani, akaivaa. Akanitazama mimi.

"Ile siku ya bembea alikuambia nini hasa?"

"Hivyo hivyo, mama. Ila siku ile hapakuwa na wa kusikia."

Halafu akasema, "Stendi usiende. Endelea hapa." Basi. Samahani hakuna. Nilichukua ufagio wangu.

Tangu hapo madoa ni ya rangi mbili: jeupe ni matawi, jekundu ni mti wote. Kwenye kikao shemeji alipongezwa kwa kubuni utaratibu huo, wakampigia makofi, naye akainama kwa unyenyekevu. Bembea bado ziko juani.

Jioni ya siku ya kikao alikuja nyumbani kama kawaida. Nikampakulia. Akaitazama sahani, akaisogeza kwangu.

"Shemeji, nipunguzie."

Nikaichukua sahani yote, nikairudisha jikoni, nikaifunika. Alibaki amekaa na mikono aliyokwisha kuinawa, akingoja. Kutoka chumbani nikamsikia mama mkwe anacheka, kwa ule upande wake mmoja unaoweza kucheka.