Punje Iliyokosekana Kwenye Lebo ya Kapolowe

Saa mbili asubuhi mteja anaingia, na Glodie Kabedi hamtazami usoni. Anamtazama mikono. Kama ameshika karatasi ya kunakiliwa, ataulizwa imetoka wapi, na kwa nini haendi kwa aliyeichora mwanzo.

Mteja wa leo ni mama mwenye mgahawa, anataka picha ya kikombe kwa ajili ya kibao chake. Mikono yake ni mitupu.

"Ikala, mama," Glodie anamkaribisha akae, na uso unalegea kidogo.

Kwenye kompyuta yake kikombe kinaanza kama mstatili. Juu yake linakuja duara lililobanwa, ndio mdomo. Pembeni anaweka duara lingine, analitoboa katikati, na hilo linakuwa sikio la kikombe. Dakika tisa, kazi imekwisha. Programu yake huhifadhi maumbo yenyewe, kwa hiyo picha hiyohiyo itatosha kwenye kadi au kwenye ukuta mzima, na mistari haitachujuka.

Kwa mchoro mmoja anapata faranga elfu tano. Siku nzuri huchora vitu vinne. Siku mbaya anachora kijiko cha mazoezi, kisha anakifuta.

Nyuma yake amesimama Symphorien, mwenye duka hili la fotokopi katikati ya Likasi, aliyempangisha meza. Anafuta vumbi kwenye mashine, lakini jicho liko kwenye kioo cha kompyuta ya Glodie. Tangu mwaka jana amekuwa akilifuta vumbi hilohilo.

Mwandishi wa makala haya naye hakwenda Likasi na moyo mweupe. Alikuwa amesikia kwamba kuna dada mjini anayechora lebo za uongo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Alifika akiwa ameshamhukumu nusu.

Glodie hakukataa.

"Ni kweli, ni miye njo nilizichora," alisema. "Lakini sikiya kwanza."

Ana miaka thelathini na mmoja. Mama yake alifariki Glodie akiwa mdogo, akalelewa Kapolowe na mama yake mdogo, Rosalie, mkulima na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaouza mbegu za mahindi. Kuchora alijifunza mwenyewe Likasi, miaka minne iliyopita. Wakati huo kikundi kilikuwa tayari na lebo yake, kazi ya fundi wa Lubumbashi: hindi, jembe na kikapu.

Mwaka jana, kabla ya mvua, alikuja mwanaume mwenye viatu safi, akajitambulisha kwa jina la Steve. Aliagiza hindi moja. Kesho yake akarudi kwa ajili ya jembe. Siku ya tatu, kikapu. Kila kitu alikitaka peke yake, na bei hakuipunguza hata mara moja.

"Likasi hapa, muntu asibishane bei?" Glodie anatikisa kichwa. "Nikasema, huyu eko mwizi. Lakini mwizi wa nini?"

Hapo ndipo alipokosea. Alidhani Steve ni mchoraji mwenzake aliyekuja kumwibia mkono wake, auze michoro hiyo kama yake. Basi akamtegea mtego. Kabla ya kumkabidhi michoro yote siku ile ya tatu, kwenye hindi, safu ya tatu kutoka juu, akatoa punje moja, iwe alama ya kuutambua mchoro wake. Pengo dogo, halionekani mpaka ulijue.

Miezi miwili baadaye, Jumapili, alipanda teksibasi kwenda Kapolowe kula na mama yake mdogo. Alikuta uani watu wamejaa, kila mmoja na mfuko mtupu mkononi. Walikuwa wamenunua mbegu zenye lebo ya kikundi, wakapanda, wakangoja, na mashamba yakabaki meupe. Ndani ya mifuko ile kulikuwa na mahindi makuukuu ya kula, yaliyopakwa rangi nyekundu yafanane na mbegu zilizotiwa dawa. Mama Rosalie alikuwa akiapa mbele yao kwamba mifuko ile si yake.

Glodie akaokota mmoja. Akahesabu safu. Moja, mbili, tatu. Punje haikuwepo.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua habari ya pengo lile. Angenyamaza, angekula chakula chake na kurudi mjini.

"Nilitaka kukimbia," anasema. "Lakini mama mudogo alikuwa analia. Nikasema mbele ya bantu yote."

Kusema kwake kuliwaokoa akina mama, maana sasa ilijulikana mifuko ya kweli ni ipi na ya uongo ni ipi. Yeye hakukumwokoa. Kikulacho ki nguoni mwako, watu walisema. Na Mama Rosalie alimuuliza swali ambalo hata mwandishi alikuwa nalo mdomoni: lebo ya mama yako, imekuwaje usiijue?

"Maindi ni maindi, jembe ni jembe," Glodie anajibu, kama vile bado yuko uani kule. "Aliagiza paka kimoja kimoja, kitu kimoja tu kwa siku!"

Steve hajaonekana tena. Glodie hakualikwa tena kula Kapolowe. Jambo hilo lilimuuma kuliko jicho la Symphorien, na anapolitaja machozi yanamlengalenga.

Kisha mwezi uliopita, bila taarifa, Mama Rosalie aliingia dukani. Alitaka lebo mpya kabla ya mvua. Alivuta kiti akakaa karibu kabisa, na hindi lilipokamilika alilihesabu punje kwa punje, kidole kwenye kioo.

"Biko byote?" aliuliza.

"Byote, mama."

Mama Rosalie akamwomba Symphorien atoke nje. Mlango ulipofungwa akasema polepole, "Sasa toa kitu kimoja. Paka sisi wawili tu njo tutajua."

Glodie akashika kipanya cha kompyuta. Alikitoa.

Lebo zimeshachapwa. Anangoja mvua.

"Mbegu ikitoka, Dimanche nitakula kwa mama mudogo," anasema, akiwaza Jumapili za zamani. "Ni ile tu nataka."

Mwandishi alimuuliza ni kitu gani kilichotolewa safari hii.

Glodie akamtazama mikono. Ilikuwa imeshika daftari na kalamu.

"Weka kwanza ile bic," alisema.

Mwandishi akaiweka kalamu mezani. Hata hivyo hakuambiwa.